Nani Alimbeba Konsuli? Shajara ya Jedwali la Unguja, 1832–1900

12 Januari

Jedwali la makonsuli, yaani wawakilishi wa nchi za nje waliokaa Unguja, limefunguliwa leo. Lina safu sita za kawaida: jina, nchi aliyoitumikia, mwaka wa kufika Unguja, mwaka wa kuondoka, kazi aliyotoka nayo, kazi aliyoiendea. Ya saba ndiyo iliyonifanya niuanzishe mradi huu, na kichwa chake ni neno moja: "Aliyembeba".

Kwamba mabalozi na makonsuli wa karne ya 19 walipewa vyeo kwa kujuana si habari mpya. Kila anayeandika historia ya diplomasia hulitaja jambo hilo kwa sentensi moja, kisha hupita. Mimi nataka kukaa papo hapo. Mtu akishaingia kwa kimemo, kinachofuata ni nini? Anapanda? Anaganda alipo? Anamtumikia aliyemwandikia kimemo au serikali iliyogonga muhuri?

Nimeichagua Unguja kwa sababu katika mitaa michache ya Mji Mkongwe walikaa watu waliopitia milango tofauti kabisa. Kulikuwa na watu wa nyumba za biashara za Salem, Massachusetts, wanajeshi wa Bombay, watoto wa wakubwa wa London na wafanyabiashara wa Hamburg. Wote walipandisha bendera, wote walipokewa na Sultani, na wote waliitwa makonsuli. Wafaransa nimewaacha kwanza. Si kwamba hawafai, ila mtu hawezi kula ng'ombe mzima kwa siku moja.

Mwisho wa jedwali ni 1900, Arthur Hardinge anapohamishwa. Mwanzo nilikuwa nimeuweka 1837, anapofika Richard Waters, konsuli wa kwanza wa Marekani. Jioni hii nimeurudisha hadi 1832, kwa sababu ya mtu ambaye hakuwahi kuwa konsuli hapa hata siku moja.

15 Januari

Mtu huyo ni Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, ambaye biashara yake ya meli ilikuwa imekwenda mrama. Mwishoni mwa miaka ya 1820 alifika Unguja kutafuta kujikomboa, akakutana na Sayyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, akaona jinsi Wamarekani walivyokuwa wakifanya biashara bila mkataba wowote wa kuwalinda. Sayyid Said naye alikuwa anautaka mkataba. Roberts akarudi kwao na wazo.

Sasa tazama wazo lilivyosafiri. Halikupelekwa kwa waziri wa mambo ya nje. Roberts alimwandikia Levi Woodbury, seneta wa jimbo lake, ambaye walikuwa na undugu wa kindoa. Mambo yakalala. Mwaka 1831 Woodbury akateuliwa waziri wa jeshi la majini katika serikali ya Rais Andrew Jackson, na hapo ndipo wazo lilipopata miguu. Januari 1832 Roberts akapewa hati ya wakala maalumu wa Rais na kupandishwa manowari Peacock. Kwenye orodha ya meli aliandikwa karani wa nahodha, ili ujumbe wake usijulikane. Karani huyo ndiye aliyetia saini mkataba wa Siam mwezi Machi 1833, na tarehe 21 Septemba mwaka huohuo akatia saini mkataba na Sayyid Said mjini Maskati: ushuru wa bidhaa za Wamarekani asilimia 5, na ruhusa ya kuweka makonsuli katika milki yote ya Sayyid, Unguja ikiwemo.

Safu ya saba: "Levi Woodbury. Jimbo moja, undugu wa kindoa."

Hapa kuna jambo la kuzingatia kabla sijaanza kunyooshea watu vidole. Roberts alibebwa, na kazi aliifanya. Mikataba miwili katika mwaka mmoja, akisafiri na cheo cha karani, si haba. Hakufaidi kitu, maana alifia Macao mwaka 1836, akiwa safarini tena kwa kazi hiyohiyo.

Na mwezi huohuo wa Januari 1832, Washington, Baraza la Senati lilikuwa linabishana kuhusu Martin Van Buren, ambaye Jackson alimteua balozi London. Seneta William Marcy wa New York akasimama kumtetea. Akasema wanasiasa wa jimbo lake hawaoni ubaya wowote katika kanuni kwamba nyara za adui ni mali ya mshindi. Kauli iliyoupa mfumo mzima wa kugawiana vyeo jina lake, "mfumo wa nyara", katika siasa za Marekani ilitoka kwenye mjadala wa uteuzi wa balozi. Van Buren alikataliwa kwa kura moja, ya Makamu wa Rais Calhoun, wakati mwenyewe tayari yuko London. Baada ya miaka mitano alikuwa Rais.

23 Januari

Waters. Nimekaa naye wiki nzima.

Alishuka Unguja Machi 1837. Serikali yake ilimpa hati, bendera na muhuri, chakula ajitafutie. Konsuli wa Marekani wa enzi hizo katika bandari kama hii hakuwa na mshahara. Aliishi kwa ada za nyaraka za meli, na zaidi kwa biashara yake mwenyewe na ya nyumba za Salem zilizomwamini. Kwa hiyo ukiuliza nani alimbeba, jibu ni bandari ya Salem yenyewe. Jackson ndiye aliyeteua, lakini Salem ndiyo iliyokuwa na meli, na meli ndizo zilizokuwa na haja ya konsuli.

Jambo la kulitazama kwa karibu ni uhusiano wake na Jairam Sewji. Jairam alikuwa amekodi forodha ya Sayyid Said: analipa kiasi maalumu kwa mwaka, kisha ushuru wote wa bandari anaukusanya yeye. Robota la merikani, kile kitambaa cha pamba cha Marekani, halikuteremka, pembe haikupanda, sandarusi haikupimwa ila macho ya watu wake yalikuwapo. Waters akafungamana naye. Kutwa nzima Waters ni konsuli anayepaswa kuhakikisha ushuru hauzidi ule wa mkataba, na papo hapo ni mfanyabiashara mwenye ubia na mtoza ushuru. Wafanyabiashara Wamarekani wa nyumba shindani walipofika na mizigo yao walijikuta wako nje ya mlango. Wakalalamika. Walalamike kwa nani? Kwa konsuli wao, ambaye ndiye huyohuyo.

Mwaka 1845 Waters aliondoka akiwa na mali ya kutosha, akanunua shamba karibu na Salem. Hakuomba kituo kingine. Safu ya "kazi aliyoiendea" nimeandika: "Kilimo."

Aliyemfuata, Charles Ward, naye mtu wa Salem. Mtindo ni uleule.

Naanza kuona kitu. Kwa watu hawa kupandishwa cheo kungekuwa hasara. Ungempa Waters ukonsuli wa mji mkubwa zaidi ambako hana mtu forodhani, ungekuwa umemfukuza kazi.

3 Februari

Nimehamia kwa Waingereza. Atkins Hamerton, Mwairishi, kapteni katika jeshi la Kampuni ya India ya Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyoitawala India, upande wa Bombay, alifika Unguja mwaka 1841 akiwa na kofia mbili: konsuli wa Malkia na wakala wa Kampuni. Kofia mbili, wakubwa wawili, na barua za aina mbili. Jambo hili litarudi.

Kumjazia safu ya saba kumenilazimu kujifunza Kampuni ilivyoajiri. Wakurugenzi walikuwa 24, na kila mmoja alikuwa na mgao wake wa nafasi za kadeti za kugawa. Kuziuza kulikatazwa, kumpa mpwa, mtoto wa rafiki au mtoto wa mpiga kura wa jimboni hakukukatazwa. Kijana wa miaka 16 au 17 alitafutiwa mkurugenzi, akapata nafasi, akapanda meli. Baada ya hapo kimemo hakikuwa na kazi kubwa tena ndani ya kikosi, maana maofisa wa Kampuni walipanda kwa ukubwa wa utumishi. Ni foleni: unasogea pale tu wa mbele yako anapokufa, anapostaafu au anapoondoka.

Lakini ofisa aliyeazimwa kwenda kufanya kazi ya siasa hakutoka kwenye foleni. Kwa hiyo Hamerton alikaa Unguja akinywa chai na Sayyid Said na kuandika barua, huku huko Bombay jina lake likisogea juu kikosini. Alifika kapteni, akafa luteni kanali, Julai 1857, miezi michache baada ya Sayyid Said mwenyewe kufariki baharini Oktoba 1856. Miaka 16 katika kituo kimoja, akapandishwa vyeo na jeshi ambalo hakuwa nalo.

Mrithi wake, Christopher Rigby, naye wa jeshi la Bombay, hakufika hadi Julai 1858. Mwaka mzima kiti kitupu, Wahindi wameasi dhidi ya Kampuni na Bombay haina ofisa wa kuazima. Wakati huohuo watoto wa Sayyid Said wanagombania urithi. Anayedhani ukoloni ulikuwa mashine iliyopangwa vizuri aje aone mstari huu wa jedwali.

10 Februari

Ingizo fupi. Nilihitaji kujua lini konsuli wa Marekani alianza kulipwa.

Jibu ni sheria za 1855 na 1856, zilizopanga mishahara na kuwazuia makonsuli wa vituo vikubwa kufanya biashara. Waziri wa mambo ya nje wakati huo? William Marcy, yule yule wa nyara na mshindi.

Na mjini Salem penyewe kuna mfano ambao ni vigumu kuuacha: Nathaniel Hawthorne, mwandishi wa riwaya. Mwaka 1849 chama kilipobadilika Washington aliondolewa kazini kwenye forodha ya Salem. Mwaka 1852 akaandika wasifu wa kampeni wa rafiki yake wa chuoni, Franklin Pierce. Pierce akashinda, na mwaka 1853 Hawthorne akawa konsuli wa Liverpool, kituo kilichojulikana kwa ulaji kwa sababu ya ada za meli nyingi. Sheria mpya zikaja kuzibana ada hizo akiwa bado kitini.

Simwingizi kwenye jedwali, si wa Unguja. Ila nimemwandika kwenye karatasi pembeni, maana ni mtu mmoja aliyetolewa na kuingizwa na mlango uleule.

24 Februari

Kazi kubwa ya mwezi: mstari wa Bombay baada ya Rigby. Nimejaza majina kwanza, kisha nikaanza kutafuta nani alimsogeza nani, na jina moja likaanza kujirudia hadi nikalipa rangi yake kwenye jedwali. Sir Bartle Frere.

Lewis Pelly alikaa Unguja 1861–1862. Kabla ya hapo alikuwa Sindh, alikokuwa Frere. Frere akawa Gavana wa Bombay mwaka 1862, na Pelly akaondoka Unguja kwenda kuwa Mkaazi wa Kiingereza katika Ghuba ya Uajemi, cheo kikubwa cha upande ule, akakaa huko miaka kumi. Kwake Unguja ilikuwa ngazi tu.

Kisha John Kirk. Huyu ndiye kiini cha jedwali lote. Daktari Mskochi aliyesoma Edinburgh, alikuwa na David Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza 1858. Hakuwa na ukoo wa kumsukuma, hakuwa mwanajeshi wa Bombay, hakuwa na pesa za kujikalisha London akisubiri. Alikuwa na neno la Livingstone. Livingstone alipopita Bombay kwa Frere mwaka 1865, akielekea Unguja na bara kwa safari yake ya mwisho, alimpendekeza Kirk. Mwaka 1866 Kirk akaja Unguja kama daktari wa wakala.

Daktari. Si konsuli, si makamu. Alianza kwenye ngazi ya chini kabisa ya jengo, akapanda ndani ya jengo hilohilo. Akawa msaidizi wa wakala. Na Henry Churchill, konsuli aliyetoka London, alipoondoka mgonjwa mwishoni mwa 1870, Kirk akakaimu. Kufikia 1873 ndiye mkuu. Aliondoka mwaka 1886, miaka 20 baada ya kushuka na sanduku la dawa, tayari ni Sir John.

Mwaka huo wa 1873 Frere alitumwa Unguja na London kumlazimisha Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, akubali kufunga biashara ya watumwa. Frere alishindwa, akaondoka. Aliyemaliza ni Kirk, tarehe 5 Juni 1873, manowari za Kiingereza zikiwa zimetajwa waziwazi katika mazungumzo. Aliyembeba alishindwa mlangoni, aliyebebwa akaingia. Soko la watumwa likafungwa.

Na katika msafara wa Frere wa 1872–1873 kulikuwa na ofisa mwingine, Charles Euan-Smith. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alirudi Unguja akiwa konsuli mkuu. Rangi ya Frere tena.

8 Machi

Mwenzangu katika mradi, anayeshughulikia upande wa programu, amependekeza tuongeze safu ya nane: "Mwajiri halisi". Nimekubali mara moja, kwa sababu ya zile kofia mbili.

Mtu wa Unguja alikuwa konsuli kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya London na wakala wa siasa kwa serikali ya India. Wakubwa hawa wawili hawakupatana siku zote kuhusu nani alipe nini. London ilitaka biashara ya watumwa ikomeshwe, India ilitazama usalama wa Ghuba, wafanyabiashara wa Kihindi walio chini ya himaya yake, na hesabu zake. Hali hii ilimalizika 1883, wakala alipohamishiwa kikamilifu kwa London.

Nimejiuliza kama kofia mbili zilimdhuru Kirk au zilimlinda. Naamini zilimlinda. Mwaka 1872 Henry Stanley alirudi kutoka Ujiji akimtuhumu hadharani kwamba alizembea kumpelekea Livingstone mahitaji, na barua za Livingstone mwenyewe zilikuwa na manung'uniko hayo. Hebu fikiria: aliyekupa kimemo ndiye anayekulalamikia, na mwandishi wa magazeti anayasoma manung'uniko hayo kwa dunia nzima. Uchunguzi ulimsafisha Kirk. Lakini mtu aliyetegemea mlango mmoja tu angekwisha. Kirk kwa wakati huo alikuwa na Frere, alikuwa na India, alikuwa na miaka sita ya kukaa mjini, na hakukuwa na mwingine London aliyemfahamu Barghash kama yeye. Kimemo kilimwingiza, kilichomweka ni kwamba hakuwa na mbadala.

Kuna jambo dogo la kuchekesha katika kazi ya wiki hii. Chombo changu kikubwa ni orodha ya kila mwaka ya maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, iliyoanza kutolewa 1852, yenye maelezo ya utumishi wa kila mmoja. Kwa miaka mingi ilihaririwa na Edward Hertslet, mkutubi wa wizara, aliyekirithi kiti hicho mwaka 1857 kutoka kwa baba yake, Lewis Hertslet. Nawasaka waliobebwa kwa kitabu cha mtu aliyebebwa, na kitabu ni safi kabisa.

22 Machi

Miaka ya 1890. Jedwali linabadilika sura.

Baada ya Unguja kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, majina yanayokuja si ya Bombay tena. Gerald Portal, aliyezaliwa 1858, msomi wa Eton, aliingia utumishi wa kidiplomasia 1879, akafanya kazi Cairo chini ya Evelyn Baring, mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini Misri, akawa mkuu hapa Unguja mwaka 1891 akiwa na miaka 33. Rennell Rodd, aliyekaimu baada yake, akaenda Cairo. Arthur Hardinge, aliyekuja 1894, alitoka Cairo. Rangi ya Frere imekwisha, sasa ni rangi ya Baring.

Hapa ndipo nilipolazimika kueleza mlango wa London ulivyokuwa. Kuanzia miaka ya 1850 kulikuwa na mitihani, lakini hukuruhusiwa kuufanya mpaka waziri akupendekeze. Na aliyependekezwa alitakiwa awe na kipato chake mwenyewe cha pauni 400 kwa mwaka, kwa sababu miaka ya mwanzo hakulipwa. Sharti hilo la pauni 400 liliondolewa 1919 tu. John Bright, mbunge, aliwahi kusema mwaka 1858 kwamba sera ya nje ya Uingereza ni mpango mkubwa wa kuwatunza watoto wa makabaila kwa fedha za umma. Watu walicheka, sharti likabaki.

Lakini sitaki kuuvika mlango huu ubaya wote. Portal hakuja kustarehe. Mwaka 1893 alitembea hadi Uganda kwa niaba ya serikali, akafika Kampala na kupandisha bendera, ndugu yake Raymond aliyekuwa naye akafia hukohuko, na Portal mwenyewe akafa London Januari 1894 kwa homa ya matumbo. Ninachosema ni hiki tu: angekuwa mtoto wa daktari wa kijiji cha Uskochi asiye na pauni 400, asingefika hata kwenye chumba cha mtihani.

Linganisha na Basil Cave, mtu wa upande wa ukonsuli, uliohesabiwa kuwa wa daraja la chini kuliko udiplomasia. Agosti 1896, Hardinge yuko likizo, Cave ndiye anayekaimu. Sayyid Hamad bin Thuwaini anafariki tarehe 25, Khalid bin Barghash anaingia ikulu bila ridhaa ya Waingereza, na tarehe 27 asubuhi manowari zinaipiga ikulu kwa muda usiofika saa moja. Uamuzi mkubwa kuliko wowote uliofanywa kutoka jengo lile ulipitia mikononi mwa kaimu. Konsuli wa Marekani wakati huo alikuwa Richard Dorsey Mohun, aliyetoka Kongo. Cave baadaye alipata ukonsuli mkuu wa hapahapa Unguja. Hardinge akaenda Uajemi kuwa mkuu wa ubalozi.

Ngazi mbili zinaanzia sakafu moja, na haziishii kwenye dari moja.

5 Aprili

Nimempigia mwalimu wangu wa zamani wa historia kumwonyesha jedwali. Hata marahaba haijaisha ameshauliza: "Na wetu wako wapi, mwanangu?"

"Wetu wapi, mwalimu?"

"Ahmad bin Naaman. Yeye hakuwa mjumbe?"

Ana haki. Ahmad bin Naaman aliteremka New York tarehe 30 Aprili 1840 na meli ya Sultana, akiwa mjumbe wa Sayyid Said. Mzigo wake ulikuwa na tende, mazulia, kahawa ya Mokha, pembe, sandarusi na karafuu, pamoja na zawadi za Rais, na Rais mwenyewe wa wakati huo ni Van Buren, yule aliyekataliwa kwa kura moja. Jeshi la majini la Marekani likaitengeneza Sultana bila malipo, na picha ya Ahmad ikachorwa huko New York. Kabla yake, mwaka 1838, Ali bin Nasir, liwali wa Mombasa, alitumwa London.

Nimewaongezea mistari yao. Safu ya saba kwa wote wawili ni "Sayyid Said", na hapo kuna tofauti ya kweli. Ahmad alikuwa katibu wa Sayyid, mtu wa nyumbani, na hakuna aliyejifanya kwamba ni vinginevyo. Aliyembeba, aliyemwajiri na serikali aliyoiwakilisha ni mtu mmoja. Safu ya saba na ya nane hazigombani. Kwa Waters zinagombana kila ukurasa.

Siku hiyohiyo nimemaliza Wajerumani. Mkataba wa 1859 na miji ya Hansa, miji ya biashara ya kaskazini mwa Ujerumani, ulileta ukonsuli ulioshikwa na nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg, mtindo uleule wa Salem. Kisha Bismarck akamtuma Gerhard Rohlfs, msafiri maarufu wa Sahara, kuwa konsuli mkuu. Alifika mwanzoni mwa 1885, wakati mikataba ya Carl Peters ya Usagara ndiyo kwanza inapata ulinzi wa Kaizari, na mwaka haukuisha alikuwa ameondolewa. Umaarufu ulimwingiza kwa kasi, kasi ileile ikamtoa. Kirk, mezani upande wa pili, alikuwa na miaka 19 mjini.

19 Aprili

Jedwali la kwanza limefungwa. Tumelipanga kwa mlango badala ya taifa, na sura yake ni hii. Waliobebwa na biashara hawapandi, na hawataki; wanakaa, wanachuma, wanarudi makwao. Waliobebwa na Bombay wanagawanyika: wenye mkubwa anayesogea husogea naye, kama Pelly, na wasio naye huganda kama Hamerton huku jeshi likiwaongezea nyota. Waliobebwa na London na Cairo wanapita, hawakai, na wengi wao wanatoka juu zaidi ya walivyoingia. Anayebaki nje ya mpangilio ni Kirk peke yake, aliyeingia kwa mlango wa daktari na kupanda bila kuhama.

Marekani ilichelewa zaidi kuachana na vimemo. Charles Guiteau, aliyemng'ang'ania Rais Garfield ampe ukonsuli wa Paris, alimpiga risasi Julai 1881. Sheria ya utumishi wa umma ya 1883 iliyofuata haikuwagusa makonsuli. Waliguswa kwa amri za marais mwaka 1895 na 1906, na utumishi mmoja wenye mitihani na ngazi za kupanda ukaja kwa sheria ya 1924.

Awamu ya pili itavuka maji kwenda Tamatave, Madagaska. Mstari wa kwanza ni wa John Lewis Waller, aliyezaliwa utumwani Missouri mwaka 1850, akawa mwanasheria na mwenye gazeti Kansas, akawapigia kampeni Warepublican, na Rais Benjamin Harrison akampa ukonsuli huko mwaka 1891. Harrison alishindwa uchaguzi wa 1892. Waller akapoteza kituo, akabaki Madagaska na ardhi aliyopewa na serikali ya Wamerina, waliokuwa wakitawala kisiwa hicho. Mwaka 1895 Wafaransa wakamkamata na kumhukumu miaka 20, akaachiliwa mwaka uliofuata baada ya mazungumzo marefu baina ya Washington na Paris. Kwake nitaongeza safu ya tisa: mwaka ambao aliyembeba aliondoka madarakani.